Joka Lililofungua Kikao

Mimi nina kasteshenari kangu Levolosi, nyuma kidogo ya soko la Kilombero. Kompyuta mbili, printa moja yenye roho mbaya, na mashine ya kutoa kopi. Nimechapa kila kitu: barua za kuomba kazi, hati za kuuziana viwanja kule Terrat, ratiba za mazishi, na barua moja ya kuachana ambayo mwenyewe alilia huku ananisomea. Kazi ya mtu siicheki. Hiyo ndiyo sheria yangu, na nimeivunja mara moja tu, kwa Mzee Kaanaeli. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Mzee Kaanaeli ni Mmeru wa kule juu ya Tengeru, shamba la kahawa na migomba, Mlutheri wa benchi la tatu kila Jumapili. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa katibu wa chama cha ushirika wa kahawa kijijini kwao. Kazi yake ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao na kuniletea nichape. Kwa hiyo mimi namjua kupitia karatasi. Watu wakigombania mizani tangu asubuhi mpaka njaa iwashike, yeye anaandika: "Wajumbe walijadili suala la mizani kwa kina." Watu wakitukaniana mama zao, yeye anaandika: "Kulikuwa na michango yenye hisia." Siku moja nilimuuliza, "Mzee, mbona wewe mwenyewe huonekani humu hata mstari mmoja? Huna maoni?" Akanitazama kama nimemvua kofia. "Katibu hachangii, mama Agnela. Katibu anaandika."

Alipostaafu nikajua basi, sitamwona tena. Weee! Haukupita mwaka akaingia dukani na buti zake za shambani, tope mpaka magotini, ameshika kaunta buku tatu kifuani.

"Shikamoo mzee. Chama kimekurudisha?"

"Marahaba. Hapana. Hii ni yangu." Akaziweka mezani taratibu. "Ni hadithi. Ya redio."

Akanieleza. Mama yake, bibi Marta, ana miaka tisini na moja. Yeye mzee alipokuwa mtoto, mama huyo alikuwa akimsimulia habari za joka lililomeza chemchemi zote za mlima, na malkia aliyepanda peke yake kulidai maji. Mimi hadithi hiyo sijaisikia kwa mtu mwingine, na yeye pia hakuisikia kwingine. Sasa bibi Marta sikio la kushoto limeshakufa, na la kulia linafunga. Daktari alisema ni suala la miezi. Na bibi yule maisha yake ni redio. Anaigandisha kwenye sikio la kulia tangu alfajiri: mahubiri, kwaya, matangazo ya vifo. Kule Elerai kuna kituo kidogo cha redio kilikuwa kinatafuta michezo ya kuigiza, ya Jumamosi mchana.

"Nataka aisikie hadithi yake ikitoka redioni," alisema. "Kabla sikio halijafunga. Hilo tu, mama. Sina lingine."

Nikamwambia kaa hapo nichape. Nikafungua kaunta buku ya kwanza. Mlima umekauka, ng'ombe wanakufa, malkia anapanda siku mbili bila kula, anafika kwenye pango. Moshi. Nchi inatikisika. Joka linatoka, linafungua mdomo, na linasema hivi:

"Ndugu wajumbe, itifaki imezingatiwa. Awali ya yote napenda kuchukua nafasi hii kumshukuru Malkia kwa kufika kwa wakati. Ajenda yetu leo ni moja tu, nayo ni kummeza Malkia."

Jamani. Nilicheka mpaka nikashika meza. Mwenyewe amekaa pale pale, kwenye kile kiti cha plastiki. Nikajaribu kujizuia, nikasoma mstari unaofuata, Malkia anajibu: "Mheshimiwa Joka, nimepokea hoja yako. Naomba dakika tano nikatafakari." Nikacheka tena, machozi yananitoka. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akaanza kucheka na yeye hajui hata tunacheka nini.

Mzee Kaanaeli akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena. "Umecheka nini?"

"Samahani mzee. Ni hilo joka. Limefungua kikao."

"Ni jambo zito," akasema. "Watu wakiwa na jambo zito, ndivyo wanavyoongea."

Hapo kicheko kikaniishia. Nilimwona jinsi alivyo. Mtu amekaa miaka ishirini na sita kwenye vyumba vya mikutano, heshima yote aliyowahi kuiona duniani ilikuwa inavaa maneno hayo. Angempa malkia wake maneno gani mengine? Nikachapa kama alivyoandika, kila mstari, na tukapeleka.

Siku nne baadaye, mzee akiwa dukani, Blessing wa redio akapiga simu. Huyu Blessing ni binti tu, hajafika thelathini, lakini kazi yake anaijua. Nikaweka sauti ya nje ili mzee asikie.

"Shikamoo mzee wangu. Hadithi ni kali, nakwambia ukweli. Ila hawa watu wako wa kale wanaongea kama wapo ofisi ya kata. Hawana saa, babu, hizo dakika tano wamezitoa wapi? Hawana karatasi, ajenda wameiandika wapi? Nikirusha hivi watu watacheka, na hii hadithi siyo ya kuchekesha. Nakupa wiki tatu uyarekebishe mazungumzo yote. Ikishindikana, ile nafasi nampa mwingine, na nyingine labda mwakani."

Mwakani! Nilimtazama mzee. Alikuwa anahesabu kwa vidole, na nilijua hahesabu wiki za Blessing, anahesabu sikio la mama yake. Akasema, "Wiki tatu zinatosha," akachukua kaunta buku zake akaondoka bila kuaga.

Wiki ya kwanza ikaisha, akarudi. Ameandika upya yote, kwa mkono, mwandiko umelala vizuri. Nikafungua kwa woga. Joka linatoka pangoni: "Tazama, ewe mwanamke, mimi nitakumeza wewe, na nyumba yako, na uzao wako hata kizazi cha saba." Na Malkia: "Ole wako, ewe joka, kwa maana siku ya hukumu yako i karibu."

Safari hii sikucheka. Nilikasirika. Mimi nikikasirika sina breki, hata kwa mtu mzima. "Mzee Kaanaeli, hili joka limebatizwa lini?"

"Nimetafuta maneno ya zamani."

"Haya ni ya kanisani!"

"Maneno ya zamani niliyo nayo mimi ni ya kanisani, mama. Sikupewa mengine."

"Na kanisa lilipanda mlimani kwenu lini? Huyo malkia babu wa babu yako hamjui! Na hapa kwenye ukurasa wa sita umemweka anapalilia kahawa. Kahawa imekuja na hao hao wazungu waliokuja na Biblia!"

Hapo na yeye akawaka. Kwa mara ya kwanza nikamwona amekunja uso. "Meru bila kahawa? Sasa mtu alikuwa anaamka asubuhi anafanya nini?"

Tukatazamana, halafu tukacheka wote wawili, tukakaa. Nikamwuliza kwa upole, "Kwani mama mwenyewe akisimulia, malkia alikuwa anasemaje?"

"Nimemwuliza. Anasema alisema 'fungua maji'. Basi. Maneno mengine nilijaza mimi." Akakusanya kaunta buku zake. "Zimebaki siku kumi na tatu. Nitaandika upya."

"Utaandika nini?"

"Sijui. Lakini nitaandika." Akaenda zake.

Jumapili ile nilitoka misa nikapanda kwao. Nilikuwa nimemtolea nakala safi zenye nafasi pembeni za kusahihishia, na simu yake ilikuwa haipatikani. Nafika uani namkuta amesimama ameshika kalamu na karatasi.

Mambo ya kule mlimani ni ya mfereji. Maji yanashuka toka msituni, kila boma lina zamu yake, na zamu ni kitu kitakatifu kuliko hata mpaka wa shamba. Jumapili ile ilikuwa zamu ya bibi Marta, na mfereji ulikuwa mkavu. Jirani wa juu, Nathanaeli, alikuwa ameuziba kwa magogo ya migomba na tope, maji yote yameingia kwenye nyanya zake. Utaratibu ni kwamba unaandika malalamiko kwa kamati ya mfereji. Mzee Kaanaeli alikuwa kwenye mstari wa pili wa malalamiko.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

Akainua kichwa. Bibi Marta hakuwepo. Fimbo yake haikuwepo.

Tukapanda mbio. Tukamkuta ameshafika juu kwenye kizibo, kale kamwili kake kamefungwa kanga mbili, na Nathanaeli amesimama mbele yake na jembe. Nathanaeli ni baba mtu mzima, mzee wa kanisa. Bibi alikuwa anaongea Kimeru, pole pole, wala hapigi kelele. Mimi Kimeru sikijui, mimi ni wa Rombo. Lakini nilimwona Nathanaeli anavyosogea nyuma.

"Anasema nini?" nikamwuliza mzee.

"Anawasilisha malalamiko kuhusu zamu."

Loo! Nikamshika mkono nikamtikisa. "Acha hayo! Kasema nini? Neno kwa neno!"

Halafu akaanza, kwa sauti ndogo, nyuma kidogo ya mama yake: "Anasema... 'Nathanaeli, nimekuja mwenyewe. Sijatuma mtu.' Anasema, 'Nitazame usoni. Usitazame miguu yangu inavyotetemeka, miguu imeshafika.' Anasema, 'Maji haya nilichota mimi kabla mama yako hajachumbiwa. Leo unayaficha kwako kama mbuzi wa wizi?' Anasema, 'Fungua. Sitasema tena. Nitakaa hapa. Ukienda kulima utanizunguka, ukirudi kula utanizunguka, na wanao watauliza huyu bibi amekaa kwenye tope kwa nini, na utawajibu wewe.'"

Na kweli bibi akakaa. Kwenye tope, na kanga zake za kanisani.

Nathanaeli akasema kitu, nadhani alisema alidhani zamu imebadilika. Bibi akajibu kwa maneno mawili. "Kasemaje?" nikauliza. "Kasema, 'Usidhani. Fungua.'" Nathanaeli akapiga magoti, akaanza kuondoa magogo kwa mikono.

Maji yakaanza kushuka. Mzee Kaanaeli alikuwa amesimama midomo inamcheza.

"Umemsikia?" nikamwambia. "Umemsikia malkia wako?"

"Namsikia tangu nizaliwe," akasema. "Sijawahi kumwandika." Akaninyang'anya zile nakala safi, akazigeuza nyuma, akaandika pale pale akiwa ameegemeza kwenye goti, haraka haraka, na kila alipotaka kufupisha nilimwona anakata mstari anarudia.

Siku zilizobaki alishuka mjini kila siku. Sasa tukafanya kazi. Sharti langu lilikuwa moja: kabla sijachapa neno lolote, aniambie nani amewahi kulisema, na alikuwa amekasirikia nini. Ndipo nikagundua kitu. Mzee yule alikuwa anakumbuka yote! Kila kikao, kila ugomvi, kila tusi aliloliandika "michango yenye hisia", vyote vilikuwa kichwani mwake havijaguswa. Kulikuwa na mnunuzi mmoja wa kahawa zamani, alikuwa anakuja na kunyanyasa wakulima, na maneno yake ndiyo tukayatia mdomoni mwa joka: "Nani kakutuma? Ninyi watu wa chini mna kelele sana. Kama mna kiu, lambeni umande." Nilipochapa mstari huo nilisikia hasira kama vile mtu kanikatia maji mimi.

Tulifukuza dakika, tukafukuza asilimia, tukafukuza ajenda na wajumbe na ole wako. Kahawa akaing'oa mwenyewe, huku anasononeka. Siku ya nane umeme ulikatika tangu asubuhi, akasema hakuna shida, akanisomea mdomo mtupu sehemu yote ya mwisho, mimi nikaandika kwa mkono. Macho yalimvimba. Nikamwambia apumzike siku moja tu. "Sikio halipumziki," akanijibu, tukaendelea.

Tulipeleka siku moja kabla ya mwisho. Blessing alipiga jioni ile ile. Tulikuwa bado dukani, nikaweka sauti ya nje.

"Mzee," akasema, "nani kakuandikia?"

"Mama yangu."

"Basi mwambie mama tunarekodi Jumatatu. Jumamosi saa tisa mchana tunaruka hewani."

Jumamosi ile nilifunga duka saa sita, nikapanda. Uani wamejaa. Majirani, wanakwaya, Nathanaeli na mkewe nao wamekuja, wamebeba ndizi. Bibi Marta amekalishwa kwenye kiti chenye mto, redio yake ya betri mpya mkononi. Ilipofika saa tisa akaipandisha kwenye sikio la kulia kama kawaida yake. Sisi tuliweka nyingine mezani ili wote tusikie.

Ngoma ikalia. Upepo. Sauti ya msimulizi. Halafu joka likaongea, na jamani, yule mwigizaji alikuwa na sauti! Watoto walikimbilia kwa mama zao. Hakuna aliyecheka. Nikamtazama mzee Kaanaeli, alikuwa anamtazama mama yake tu.

Bibi Marta akaitikisa redio. Akaipiga piga kwa kiganja. Akaihamishia sikio la kushoto, akairudisha la kulia. Mtu akamwongezea sauti mpaka mwisho. Akasikiliza tena, uso umekaza, halafu akaishusha mapajani na kusema kwa Kiswahili, labda kwa ajili yangu mgeni, "Imeharibika. Inanguruma tu."

Haikuwa imeharibika. Sisi wote tulikuwa tunasikia kila neno.

Nilitaka kulia na nililia. Nasema ukweli, kama ingekuwa ni mimi, ningeingia ndani nikafunga mlango. Malkia anaongea redioni peke yake, na hakuna aliyethubutu kumtazama mzee.

Mzee Kaanaeli akanyanyuka. Akaichukua redio mapajani kwa mama yake, akanipa mimi, akasema, "Zima. Na ile ya mezani." Nikazima zote. Akapiga magoti kwenye majani, akaweka mdomo wake kwenye sikio la kulia la mama yake, akaanza.

Alianza kwa sauti ya chini, akaona bibi anatikisa kichwa, akapandisha. Akapandisha tena. Alikuwa anapiga kelele, kwa Kimeru, yule mtu ambaye sijawahi kumsikia akiita hata konda. Hakushika karatasi. Alikuwa msimulizi, akawa upepo, akawa joka, mishipa ya shingo imemsimama. Mimi Kimeru sikijui, lakini hadithi ile niliichapa mara tatu, nilijua kila mahali alipofika. Alipokuwa joka, mnunuzi yule wa zamani alisimama pale uani na wazee wote walimtambua, nikasikia mmoja anasonya. Alipokuwa Malkia, Nathanaeli akainamisha kichwa, lakini hakuondoka.

Na bibi Marta alisikia. Mkono wake ulikuwa umeshika kola ya shati la mwanawe, anamvuta karibu zaidi, mdomo umefunguka, macho yanamng'aa. Joka lilipotukana, yeye akalijibu, akaligombeza kabisa, mpaka mzee akalazimika kumsubiri amalize ndipo Malkia aongee. Watu wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Karibu na mwisho sauti ikamkatika. Alikohoa, akajaribu, ikatoka hewa tupu. Akabaki ameegemeza paji la uso kwenye bega la mama yake, mabega yake mwenyewe yanapanda na kushuka. Nikajua imetosha, amefanya alichoweza, mtu amletee maji anywe.

Bibi akamtikisa kwa ile kola, akasema kitu kwa ukali.

Nikamgeukia Nathanaeli. "Kasemaje?"

Nathanaeli alikuwa anajifuta macho. "Kasema, 'Mbona umenyamaza? Maji bado hayajashuka.'"

Mzee Kaanaeli akasafisha koo, akaendelea, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani.